Njia ya Ngarama Isiyopita Gari

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka thelathini na mmoja, mwanamke mzima mwenye meza ya ndagala, dagaa wakavu, katika soko la Kashojwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na aliyenifundisha ni mume wangu. Kwetu Kivu ya Kusini baiskeli tuliiita kinga, na kinga ilikuwa kitu cha wanaume. Ilibeba mihogo, ilibeba makaa, ilibeba mgonjwa aliyefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa anayeendesha. Mwanamke alikaa nyuma, miguu upande mmoja. Sikuwahi kuwaza kwamba ningeweza kukaa mbele.

Mume wangu alikuwa fundi wa kinga. Alikuwa na turubai lake kuukuu kando ya njia iendayo Base Camp, penye ofisi za kambi, na chini ya turubai hilo kulikuwa na beseni la maji la kutafutia matundu ya mipira, na mama yake. Walifika Nakivale miaka mitatu kabla yangu, mama na mwana, na mama huyo alikuwa anapoteza macho kwa ugonjwa wa sukari. Alikaa hapo kwenye kigoda kutwa nzima ili asikae peke yake nyumbani. Mimi nilikuja kambini bila mtu yeyote. Mume wangu alinunua ndagala kwangu mara ya kwanza, akarudi kesho yake kulalamika kwamba zina mchanga, akarudi tena kesho kutwa bila malalamiko yoyote.

Tulifunga ndoa katika kanisa la mabati la Wakongomani wenzetu. Mzee mmoja wa kanisa alisimama mahali pa baba yangu, akapokea mbuzi wa mahari, na mbuzi huyo huyo tukamla siku ile ile, kwa sababu hapakuwa na ukoo wa kumpelekea. Picha ilipigwa moja tu. Karatasi ya serikali hatukuwa nayo. Hatukuona kwamba inahitajika. Kila mtu alijua.

Mama mkwe hakunipenda mwanzoni. Alisema natembea kama mtu anayekimbilia kuzima moto. Lakini asiyeona vizuri humjua mtu kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyemwosha miguu na kumfunga vidonda, nikampimia chakula chake kama daktari alivyoagiza. Mwaka wa pili alianza kuniita binti yangu. Hakuacha kunigombeza, ila sasa alinigombeza kama anavyogombezwa mtoto wa nyumbani.

Kinga yangu mume wangu aliiunda kwa kinga tatu zilizokufa. Fremu ilikuwa ya kike, ile yenye bomba lililoinama, ili nipande na kitenge changu. Akaipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango wa jirani. Akanipeleka kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mama akiwa amekaa kizingitini anasikiliza.

"Usiangalie gurudumu," mume wangu aliniambia akishika kiti kwa nyuma. "Angalia fasi unaenda."

Niliangalia gurudumu, nikaingia kwenye kichaka cha miiba.

"Ameanguka tena?" mama mkwe aliuliza.

"Bado, mama. Ni mara ya kwanza hii."

"Basi nimesikia vibaya. Nilifikiri ni ya tano."

Ilichukua wiki mbili. Siku niliyoweza kushuka mteremko mzima peke yangu na kusimama bila kuanguka, mume wangu alikimbia nyuma yangu akipiga makofi kama kichaa, na mimi nililia, sijui kwa nini. Labda kwa sababu tangu nilipotoka kwetu nilikuwa nimetembea tu. Kilomita zote za maisha yangu nilizitembea kwa miguu, nikiwa na mzigo, nikiogopa. Hii ilikuwa mara ya kwanza mwili wangu kwenda mbio bila kukimbia kitu.

Kutoka Kashojwa kwenda Ngarama kuna barabara inayozunguka bondeni, yenye malori na pikipiki na vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Na kuna njia ya juu, ya changarawe nyekundu, inayopanda na kushuka vilima vya migomba. Huko gari halipiti. Mvua ilikata kidaraja cha magogo chini ya kilima cha pili, na kilichowekwa badala yake ni mbao mbili anazoweza kupita mtu na kinga yake, au ng'ombe mwenye subira. Kwa hiyo njia ile ilibaki ya waendao kwa miguu na ya sisi wawili.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada. Tulijiambia kwamba tunafuata ndizi za kuuza Jumatatu, na kweli tulirudi na mikungu, yeye miwili na mimi mmoja. Lakini ndizi ningeweza kuletewa mpaka mezani. Tulikwenda kwa sababu ya njia. Changarawe ilisaga chini ya mipira kama mtu anatafuna mahindi makavu. Migomba ilisimama pande zote mbili mpaka juu kabisa, imetandikiwa nyasi chini, safi kama sebule ya mtu. Mahali pengine walikuwa wanakamua ndizi mbivu, na harufu yake tamu ya kuchacha ilitufuata kona mbili nzima. Kupanda, yeye alisimama juu ya pedali na kwenda akipinda kushoto na kulia kama nyoka. Mimi nilishuka na kusukuma. Juu alinisubiri. Kisha tuliteremka pamoja, na tumbo langu lilibaki nyuma, nami nilipiga kelele, naye akacheka, na hapakuwa na honi, hapakuwa na mtu wa kutuambia tusogee pembeni.

Juu ya kilima cha tatu kulikuwa na mama mmoja Munyankole, mwenyeji wa huko, mtu mzima, aliyeuza ndizi za kuiva mbele ya nyumba yake. Mara ya kwanza aliponiona aliacha kila kitu.

"Wewe mwanamke! Nani nafundisha wewe kupanda gaari?"

Gaari kwao ndiyo kinga. Nikamwonyesha mume wangu.

"Mimi nazaa watoto saba," akasema, "wasichana watano. Hakuna hata mmoja napanda gaari." Akatupa ndizi nne na akakataa malipo. "Kula. Hiyo mlima nakula nguvu."

Miaka mitatu tulikwenda hivyo. Nikiulizwa maisha yangu ya ndoa yalikuwa nini, nitasema yalikuwa hayo.

Simu ilikuja siku ya Jumanne. Mume wangu alikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, ikabidi mteja amshikie simu sikioni. Faili lao, la mama na mwana, lililofunguliwa kabla mimi sijafika kambini, lilikuwa limetembea. Waliitwa Mbarara kuhojiwa kwa ajili ya kupelekwa Australia.

Mimi sikuwa kwenye faili hilo. Tulipooana mume wangu alitaka kuniandikisha, lakini watu waliotutangulia katika mambo hayo walisema ukiongeza jina, faili linaanza upya, linakaa miaka. Mpaka leo sijui kama ni kweli. Kambini mtu hula maneno ya watu kama anavyokula mgao, kwa kuwa hana kingine. Tukaahirisha, tukaahirisha tena, na macho ya mama yakaendelea kuzimika, na kidonda cha mguu wake kikawa hakifungi.

Jumapili iliyotangulia safari ya Mbarara tulikwenda Ngarama kama kawaida. Kwenye mbao mbili alinishikia kinga nikavuka. Juu ya kilima cha pili nikamwambia asimame.

"Bakikuuliza kama uko na bibi, kama umeoa," nikasema, "sema hauna."

Alinitazama kama nimemtukana.

"Mi siwezi sema ile kitu. Uko hapa. Niko nakuona."

"Ni karatasi tu. Mama akibaki hapa atakatwa mguu. Akikatwa mguu atakufa. Nendeni. Ukifika kule utaniita."

"Na kama banakataa?"

"Juu ya nini bakatae? Mutu anaweza kuoa wakati wowote."

Nilisema hivyo. Ni maneno yangu mwenyewe, kwa mdomo wangu, na hakuna aliyenishika koo. Alipanda kinga yake akaenda mbele bila kunisubiri, kitu ambacho hakuwahi kufanya, na nilipofika juu ya kilima cha tatu nilimkuta amekaa chini kando ya njia, kichwa katikati ya magoti. Nikakaa karibu naye. Yule mama wa ndizi alitutazama kutoka mlangoni pake, akarudi ndani.

Nilikwenda nao Mbarara. Mama alihitaji mtu wa kumshika mkono ndani ya gari na kumpeleka chooni. Lakini pale penye mahojiano sikuweza kuonekana nao, basi niliwaacha kwenye kona nikaingia hoteli moja ndogo ya chakula ng'ambo ya barabara, nikaagiza chai. Niliinywa ile chai mpaka ikawa baridi na maziwa yakafanya ngozi. Mhudumu aliniuliza mara mbili kama nangoja mtu. Nikasema hapana, napumzika tu.

Walitoka saa nane. Mume wangu alimwongoza mama kuvuka barabara, na alipofika mezani hakukaa.

"Balikuuliza?" nikasema.

"Mara tatu. Kwa namna mbalimbali. Ya mwisho nikasema hapana kwa nguvu, ili waache." Alimvutia mama yake kiti. "Yule mwanamke aliyekuwa anaandika akacheka kidogo. Akasema nisijali, kule kuna wasichana wengi wazuri."

Mama mkwe alinyoosha mkono juu ya meza akanitafuta. Alipopata kidole changu alikishika hicho hicho kimoja, akakaa nacho mpaka tuliposimama kwenda kutafuta gari la kurudi.

Waliondoka baada ya miezi minne. Basi lilisimama Base Camp asubuhi, na maofisa walikuwepo na orodha zao, wakiita majina. Mimi nilikuwa katika kundi la majirani. Mume wangu alipita akiwaaga watu mmoja mmoja, na alipofika kwangu alinipa mkono kama alivyompa aliyenitangulia na aliyenifuata. Kiganja chake kilikuwa kimelowa. Alisema, "Ubaki salama, mama," kama mtu anavyomwambia mwanamke yeyote. Nikasema, "Safari njema." Huko ndiko kuagana kwetu. Tulikuwa tumeagana nyumbani tangu jana yake, lakini kule kwa nyumbani sikukumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni mkono ule.

Mama mkwe yeye hakuigiza. Alisimama kwenye ngazi ya basi akasema kwa sauti, "Yuko wapi yule binti?" Nikasogea, akanikumbatia mbele ya kila mtu, akanibana mpaka fimbo yake ikanichoma mbavuni. Ofisa mmoja akauliza, "Huyu nani?" Mama akajibu, "Ni mtu aliyeniosha miguu."

Miezi ya kwanza ilikuwa ya simu za haraka. Mguu wa mama ulitibiwa, haukukatwa. Nilishukuru Mungu kwa hilo, na bado nashukuru. Kisha mume wangu alipata kazi katika mashamba ya mizabibu, mji mdogo wenye vilima, akipunguza matawi kwa mkasi na kufunga mengine kwenye waya. Akanunua kinga ya mkono wa pili. Kule kwao jioni ni kwetu asubuhi, kwa hiyo alipotoka kazini mimi nilikuwa sokoni, saa nne hivi, na simu ikalia.

"Angalia," alisema mara ya kwanza. Alikuwa amefunga simu kwenye usukani.

Niliisimamisha simu yangu kwenye mdomo wa gunia la ndagala, na njia ikaanza kuja. Ilikuwa ya changarawe, nyeupe kidogo kuliko yetu. Ilipanda, ikapinda, ikashuka. Huku na huku kulikuwa na miti mifupi iliyopangwa mistari, mistari mpaka kwenye anga, kama mtu amechana nywele za kilima.

"Hakuna gari?" nikauliza.

"Hata moja! Ni sawa na Ngarama, ila hapa migomba imekatwa magoti."

Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuchungulia. Nyuma ya sauti ya upepo nilisikia changarawe inasaga. Aliniambia kwamba Jumamosi wazungu wanakuja huko kutoka mjini, makundi makundi, na nguo za kubana na kofia, wanaendesha kinga kwenye njia hiyo kwa kutwa nzima.

"Banabeba nini?"

"Hawabebi kitu. Hata mukungu moja. Banatembea tu."

"Basi ni kama sisi," nikasema, "na mikungu ilikuwa ya kudanganya watu."

Hapo njia yake ilianza kupanda. Nikasikia anapumua kwenye mlima.

Mama mkwe aliniuliza siku moja, kwa simu, kuhusu hiyo mizabibu ambayo mwanawe anaikata. "Ni ile banasomaka kanisani?" Nikamwambia ndiyo, ni ile. "Na ninaishi katikati yake na siioni," akasema. "Mungu ana mizaha."

Jumapili kadhaa tulifanya jambo ambalo nikilikumbuka sasa nataka kufunika uso. Tulipanga saa. Mimi nilipanda kinga yangu ya buluu baada ya ibada, nikapanda vilima vya Ngarama peke yangu, na juu ya kilima cha tatu, ambako simu inakamata mnara wa Tanzania, nilimpigia. Kule jioni ilikuwa imeshaingia lakini kiangazi kwao jua linachelewa. Akatoka na kinga yake. Na tuliteremka, mimi kilima changu na yeye kilima chake, simu kwenye matiti yangu ndani ya kitenge, nikimsikia anapiga kelele na mimi nikipiga kelele, mpaka mtandao ukakatika bondeni. Yule mama Munyankole alidhani nimerukwa na akili. Alikuja kuuliza bwana wangu yuko wapi siku hizi. Nikamwambia amesafiri.

Kuniita ndiko kulikoshindikana. Alikwenda kwa mtu mmoja wa kanisa lao kule aliyejua mambo ya karatasi. Yule akafungua nakala ya faili lao na kusoma: hana mke, ameulizwa mara tatu. Akamwambia kwamba anaweza kujaribu, lakini itabidi aeleze kwa nini alidanganya, na anayekiri uongo mmoja huchunguzwa mwingine wote, na karatasi za mama yake ziko kwenye faili hilo hilo. Mume wangu alinieleza haya akilia. Mama mkwe alimnyang'anya simu.

"Sikiliza, binti yangu. Mi ndiye nilikosa. Aseme ukweli. Kama banataka kunirudisha, banirudishe, mi ni muzee kipofu, nitakufa popote. Wewe ukuje kwa bwana wako."

Nikamwambia hapana. Nilisema, "Mama, mguu wako umepona juzi tu. Tungoje." Hiyo ilikuwa mara ya pili nilipoufunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulingoja. Mwaka ukapita na nusu ya mwingine. Asubuhi moja simu ililia saa nne, na hapakuwa na njia kwenye kioo, kulikuwa na dari tu, kwa sababu aliishika vibaya. Akasema, "Mama amelala." Nikajibu kwamba basi tusimwamshe. Ndipo nikaelewa.

Nilifanya msiba Kashojwa bila maiti. Majirani walileta mikeka, wanawake wa kanisa waliimba siku mbili, mtu akaleta sufuria ya maharage. Watu walinipa pole kwa mkwe, na mimi nilikaa na kitenge kichwani nikawaza mikono yangu. Wageni ndio waliomwosha mara ya mwisho. Hawakujua kwamba kidole gumba cha mguu wa kushoto kinauma hata ukikigusa polepole.

Na katika msiba huo, sitaficha, kulikuwa na wazo jingine lililokaa nyuma kama mtoto anayesubiri watu wazima wamalize kuzungumza. Niliwaza kwamba sasa hakuna wa kulindwa. Sasa anaweza kwenda kusema ukweli. Nilingoja alitaje jambo hilo. Niliona vibaya kulitaja mimi, kaburi likiwa bichi. Wiki nne, wiki sita. Tulizungumza kuhusu mvua, kuhusu bei ya ndagala, kuhusu mabega yake yaliyochoka na mkasi. Kisha simu zikawa za Jumapili tu. Kisha zikawa hazina njia ndani yake. Alinipigia akiwa amekaa mahali, nyuma yake ukuta mweupe. Nikamuuliza kinga iko wapi. Akasema mpira umetoboka. Fundi wa kinga!

Aliponiambia ilikuwa Alhamisi, nikiwa napanga ndagala mafungu.

"Kuko jambo," alisema.

"Sema."

"Kuko mwanamke. Ni Mukongomani, tunasali pamoja. Ana mimba."

Nilisikia sauti za soko zote kwa wakati mmoja, kisha sikuzisikia.

"Anajua mimi niko?"

"Anajua nilikuwa na mutu kambini."

"Mutu."

"Ungependa niseme nini? Kwa karatasi mi sina bibi. Tangu siku ile sina. Nimeishi na ile neno miaka yote hii, kila fasi naandika, naandika hana bibi, hana bibi. Kidogo kidogo mutu anakuwa ile anaandika."

"Mama alipokufa," nikasema, "ungeweza kwenda kusema."

"Niliogopa," akasema. "Na nilichoka. Na wewe hukuniomba."

Ni kweli, sikumwomba. Nilikata simu. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu, mwanamke Mrundi ninayemuuzia kila wiki, na pochi mkononi. Nilimpimia ndagala zake. Alipoondoka niliona nimempa mafungu mawili zaidi.

Sikuigusa kinga miezi mingi. Iliegemea ukuta wa nyuma, kuku wakalala kwenye usukani, mipira ikalala. Nilimchukia yeye, kisha nikamchukia yule mwanamke ambaye hajanikosea lolote, kisha nikafika kwa mtu niliyemkwepa, mwanamke aliyesimama juu ya kilima cha pili akasema sema hauna. Kwake nilikaa muda mrefu. Mke wa mchungaji alinishauri nimsamehe mume wangu. Hiyo ilikuwa rahisi. Hakunishauri kuhusu huyo mwingine.

Niliyemkumbuka zaidi, ajabu, alikuwa mama mkwe. Mume alikuwa hai, ana kazi, ana mtoto njiani. Huzuni yangu kwake ilikuwa imechanganyika na hasira na ilikuwa na mahali pa kushika. Lakini mama alikufa akiwa ananisubiri, na hakujua kwamba sitakuja. Mwisho nilimtumia mume wangu ujumbe wa kwanza baada ya nusu mwaka. Sikumsalimu kwa maneno mengi. Nilimwomba picha ya kaburi.

Alinitumia siku hiyo hiyo. Lilikuwa kaburi dogo, jiwe la kijivu, nyasi zilizokatwa vizuri, na nyuma ya ukuta mfupi mistari ya mizabibu inapanda kilima. Kwenye pembe ya picha kulikuwa na kivuli cha gurudumu. Alikwenda kwa kinga, basi.

Nilipanda gari mpaka Mbarara kuisafisha. Katika studio ya picha msichana aliyehudumu aliikuza kwenye kompyuta na kuniuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda: "Hii ni wapi? Nakaa mzuri." Nikamwambia ni Australia. "Na nani nalala hapo?" Nikasema ni mama. "Mama yako mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Aliniuliza kama nataka akate ile pembe yenye kivuli kwa sababu inachafua picha. Nilifikiri. Watu walikuwa wanasubiri nyuma yangu. Nikamwambia kata.

Siku hizi ninakwenda tena Ngarama, Jumapili, kwa sababu ndizi zinauzika na kwa sababu nyumbani Jumapili ni ndefu. Fundi mwingine alinibadilishia mipira. Mlima wa kwanza sasa naupanda bila kushuka, mapafu yamekomaa. Wiki iliyopita nilikuta mvua imechukua ubao mmoja kati ya zile mbili. Nilisimama pale nikaangalia maji. Baadaye niliibeba kinga begani, nikavua viatu, nikapita ndani ya kijito, maji mpaka magotini, baridi sana, mawe yanateleza. Upande wa pili nilikaa chini nikakausha miguu kwa kitenge, na hapo nikalia, kwa sauti, kama ambavyo sikulia msibani. Hakuna gari linalopita njia ile, hakuna aliyenisikia. Nilipomaliza nilivaa viatu, nikaanza kusukuma.